Kitabu Tulichokifungia Kabatini

Mara kwa mara twapokea barua kutoka kwa wazazi wa vijijini, nao huuliza neno moja kwa njia nyingi: Vitabu gani vyawafaa watoto wetu? Na hizi picha za sinema na video, je, ni za kuachwa kabisa, au zina faida ndani yake? Wamedhani ya kuwa sisi tuna jibu, maana sisi ni walimu wawili, mume na mke, nasi twakaa Mtoni, katika wilaya ya Temeke, karibu na barabara iendayo Kilwa, mahali ambapo picha hizo hazikosekani katika mtaa wo wote. Kweli, kwa miaka mingi tulikuwa na jibu tayari. Leo twataka kuwasimulia jinsi jibu hilo lilivyovunjika mikononi mwetu, wala si kwa kupenda kwetu.

Nyumba yetu ina vyumba vitatu na kabati moja la vitabu. Katika kabati hilo mna Biblia na vitabu vya nyimbo; mna Uhuru wa Watumwa, kitabu cha James Mbotela kilichotoka mwaka 1934; mna Kusadikika na Adili na Nduguze, vya Shaaban Robert, vya mwaka 1951 na 1952; mna na Mabepari wa Venisi, mchezo wa Shakespeare uliotiwa katika Kiswahili na Mwalimu Nyerere mwaka 1969. Vitabu hivi tulivipenda toka ujana wetu, na baadhi yake tumevifundisha darasani hata majalada yakalegea. Nyuma ya nyumba, ng'ambo ya ukuta, palikuwa na kibanda cha video, cha namna ile ambayo vijana huiita kibanda umiza: mabati juu, magunia pembeni, mabenchi ya mbao, na televisheni moja mbele. Kila jioni tulipopiga magoti kusali, ng'ambo ya ukuta Wachina walikuwa wakipigana mateke na watu wakishangilia, hata Amina zetu zisisikike.

Kwa hiyo tulijiwekea sheria, nayo ilikuwa fupi: kitabu ni mwalimu, picha ni mwizi. Mtoto akishika kitabu cha kabatini, asisumbuliwe. Akionekana kibandani, apigwe. Sheria hii ilikuwa na raha yake, maana haikutulazimisha kuona picha wala kusoma kitabu kabla ya kuhukumu.

Basi, siku moja ya mwaka 2009 saa ya sala ya jioni ilifika, na kijana wetu, ambaye wakati ule alikuwa na miaka kumi na mmoja, hakuonekana. Hatukuwa na haja ya kuuliza yuko wapi. Baba akachukua fimbo, akazunguka ukuta, akainua gunia la mlangoni. Ndani mlikuwa na joto na giza, na watu wamebanana mabenchini kama samaki kapuni. Katika televisheni meli kubwa ilikuwa ikizama usiku baharini. Ilikuwa ni ile picha ya Titanic, iliyotengenezwa Marekani mwaka 1997. Walakini watu wale hawakuwa wakisikiliza Kiingereza. Juu ya maneno ya wachezaji ilipita sauti ya mtu asiyeonekana, naye alikuwa akisimulia kwa Kiswahili cha mjini: huyu anasema hivi, yule anajibu vile, na huyu tajiri, ndugu zangu, mwangalieni sana, moyo wake si mwema. Kazi hiyo ya kusimulia picha za kigeni ilikuwa imezoeleka sana Dar es Salaam, na mtu aliyevuma katika kazi hiyo alijulikana kwa jina la Lufufu. Msimulizi alitania, alionya, alitoa mithali, na watu wakamjibu kana kwamba amekaa nao benchini.

Kisha akanyamaza, maana watu ndani ya picha walikuwa wakianguka majini. Kibanda kizima kikawa kimya. Mzee mmoja, muuza samaki wa mtaani petu, akasema kwa sauti ndogo, "Ndivyo ilivyokuwa Bukoba." Hakuna aliyemwuliza maana ya neno hilo. Meli ya Mv Bukoba ilizama karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996, na mamia ya watu wakafa katika Ziwa Viktoria. Na huko Temeke wako watu wengi wa kanda ya ziwa ambao walipoteza ndugu siku ile. Mzee yule akafuta macho kwa kofia yake. Baba akabaki amesimama mlangoni mpaka mwisho, na fimbo aliyoileta kumpigia mtoto ikawa mkongojo wa kuegemea.

Walipokuwa wakirudi nyumbani, mtoto aliona fimbo, akajua alistahili nini. Lakini swali lake lilimshinda, akauliza, "Baba, mbona mashua za kuokolea hazikutosha?" Baba akamweleza yaliyo kweli: ya kwamba meli ile ilizama mwezi wa Aprili 1912, ikafa na watu zaidi ya 1,500, na ya kwamba mashua zake zilitosha nusu tu ya watu waliokuwamo, au kuzidi kidogo, kwa sababu sheria za wakati ule hazikudai zaidi, na wenye meli wakaona inatosha kuitii sheria. Mtoto akauliza tena, "Na Bukoba je?" Wakazungumza njiani, wakazungumza mlangoni, wakazungumza mezani. Katika jioni ile moja alituuliza maswali mengi kuliko aliyotuuliza muhula mzima juu ya vitabu vyetu vya kabatini. Hakupigwa. Nasi tulipolala tuliulizana: Je, yule mwizi ametuibia nini leo?

Hapo tulikumbuka neno ambalo tulikuwa tumelisahau, ya kwamba si jambo geni kwa misheni kushughulika na picha. Toka mwaka 1935 hata 1937, Baraza la Kimataifa la Misheni, kwa fedha za shirika la Carnegie la Marekani, lilisimamia kazi ya kutengeneza sinema kwa ajili ya watu wa Afrika ya Mashariki. Makao yake yalikuwa Vugiri, juu ya milima ya Usambara, karibu na Korogwe, na mkuu wa kazi alikuwa Meja Notcutt. Zilitengenezwa sinema 35, za safura, za udongo unaochukuliwa na mvua, na za mtu aliyeweka fedha zake katika benki ya posta huku mwenziwe akizifukia chini zikaibwa. Sinema hizo zilichukuliwa kwa lori katika Tanganyika, Kenya, Uganda na nchi nyingine, zikaonyeshwa usiku uwanjani; na maneno yake yalitoka katika sahani za santuri, kwa lugha ambazo watazamaji walizisikia. Basi wazee wetu wa misheni hawakusema picha ni mwizi. Waliona kwamba watu watazitazama, wakataka awepo mtu wa kusema nao wanapotazama.

Nasi wenyewe tulikuwa tumeyaona haya kwa macho. Mwaka 1993, wakati wa Krismasi, mwinjilisti alikuja kijijini kwetu na mashine na kitambaa cheupe, akaonyesha uwanjani ile filamu ya Yesu iliyotengenezwa mwaka 1979 kwa kufuata Injili ya Luka, nayo imekwisha tiwa katika lugha zaidi ya 2,000. Bibi yetu hakujua kusoma. Kwa miaka mingi alikuwa ameisikia Injili hiyo ikisomwa kanisani, naye alikaa kimya kwa adabu. Lakini usiku ule, askari walipoanza kupigilia misumari, bibi alisimama katikati ya watu akapaza sauti, "Mwacheni! Amewakosea nini?" Vijana wakacheka. Mwinjilisti hakucheka. Alimwendea, akamshika mkono, akakaa naye chini mchangani mpaka picha ikaisha. Siku hizo tuliona haya kwa ajili ya bibi. Sasa twaona haya kwa ajili yetu, maana sisi tulioweza kusoma habari ile hatujapata hata mara moja kuinuka tukamtetea Bwana kwa sauti.

Kwa hiyo upande mmoja wa sheria yetu ulianguka. Tuliwaruhusu watoto waende kibandani mara moja kwa wiki, mmoja wetu akiwa pamoja nao. Tulidhani tumejifunza yote. Walakini tulikuwa tumejifunza nusu tu, na nusu iliyobaki ilikuwa chungu, maana iliwapata vitabu, nasi kwa vitabu tulijiona mafundi.

Mwanzoni mwa mwaka 2011 binti yetu alikuwa na miaka kumi na mitano, naye alikuwa akisoma kidato cha pili. Jioni moja tulimkuta jikoni amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, anasoma kitabu alichoazima kwa rafiki. Tukatazama jalada: Rosa Mistika, cha Euphrase Kezilahabi. Kitabu hicho tulikijua kwa sifa zake. Kilipotoka mwaka 1971 kilizuiwa kwa muda katika mashule, kwa kuwa kinasema waziwazi habari za wasichana na wanaume, na sisi katika ujana wetu tuliambiwa na wakubwa kwamba si kitabu cha Mkristo. Hatukuwa tumekisoma. Twaungama neno hili mbele yenu, sisi walimu wa Kiswahili. Mmoja wetu alikichukua mkononi mwake, na wa pili akageuza ufunguo wa kabati. Kwa hiyo hatuna hata nafasi ya kulaumiana.

Binti hakulia. Alisema tu, "Haya, mama." Neno hilo dogo lilitufurahisha, maana tulidhani ni utii.

Siku zikapita, miezi ikapita. Binti yetu alifagia, alipika, alisali pamoja nasi, na tulipomwuliza alijibu. Ila yeye mwenyewe hakuuliza tena. Alikuwa mtoto wa maswali, tangu alipojua kusema; na sasa nyumba ilikuwa kimya upande wake, kama chumba ambacho mtu amehama. Tulisema, anakua. Tulisema, masomo ni magumu. Mwenye kutaka kujidanganya hakosi sababu.

Wasomaji wa mjini watakumbuka kwamba mwaka ule ulikuwa mwaka wa mgawo wa umeme. Mtoni tuliweza kukaa gizani usiku mzima. Kibanda kikafungwa, televisheni za jirani zikanyamaza, na mtaa ukarudi kuwa kama kijiji. Usiku mmoja wa namna hiyo hatukupata usingizi kwa joto. Tukawasha taa ya chemli, tukafungua kabati tupate cha kusoma, na mkono ukakiangukia kile kitabu. Tukasema, haya, na tuone ubaya wake. Tukasomeana kwa zamu, kwa sauti ya chini, watoto wasisikie.

Msichana Rosa ni mwana wa Ukerewe, kama mwandishi wake, aliyezaliwa huko mwaka 1944, naye alikuwa mwalimu. Baba yake Rosa, jina lake Zakaria, ni mlevi, naye huwalinda binti zake kwa ukali. Kijana amwandikia Rosa barua, baba aiona, ampiga mtoto vibaya. Hamwulizi neno. Hamfundishi jinsi ya kumjibu mwanamume, wala jinsi ya kukataa, wala jinsi ya kukubali kwa heshima. Ampa hofu tu, tena hofu ya baba mwenyewe, ambayo hukaa mahali baba alipo. Rosa anapokwenda kusoma mbali, hofu yabaki nyumbani, naye hana kitu kingine mkononi. Tangu hapo aanguka, tena aanguka, na mwisho wake ni kifo.

Tulisoma siku tatu. Tulikuta maneno ambayo hatukuyapenda, na hata leo hatuyapendi. Mwandishi hafuniki mahali ambapo wazee wetu wangefunika. Lakini usiku wa kwanza tulikuwa tukimhukumu Zakaria kwa sauti kubwa. Usiku wa pili sauti zetu zilipungua. Nanyi mnajua habari za nabii Nathani, jinsi alivyomsimulia mfalme Daudi juu ya tajiri aliyemnyang'anya maskini mwana-kondoo wake, na jinsi mfalme alivyokasirika asijue ni nani aliye ndani ya hadithi. Sisi hatunywi pombe, wala hatukumpiga binti yetu. Walakini barua ilikuja nyumbani kwetu, nasi tuliichukua tukaifungia bila kuuliza imetoka kwa nani wala inasema nini. Maana kitabu kile kilikuwa barua yake. Wazee walisema mjumbe hauawi. Sisi tulimfunga.

Tena tuliona neno la pili. Ukurasa mmoja ulikuwa umekunjwa pembe, pale alipofika binti yetu tulipomnyang'anya. Hakuwa amefika kwenye maovu tuliyoyaogopa. Alikuwa amefika pale Rosa anapotoka nyumbani.

Asubuhi mama alimwita jikoni, akamrudishia kitabu, akamwambia, "Mwanangu, tulikosea. Tulikuwa hatujakisoma. Sasa tumekisoma, nacho kina maneno mazito. Nataka tukisome pamoja, mimi na wewe." Binti alikitazama kitabu, akamtazama mama, asiamini. Jioni ile walianza, mmoja akichambua mchele na mwingine akisoma. Siku ya nne binti aliacha kusoma katikati ya mstari, akauliza, "Mama, huyu Rosa hakuwa na mtu wa kumwambia?" Mama akasema, "Hakuwa naye." Binti akanyamaza kitambo. Kisha akasema, "Mimi nina jambo."

Tangu mwezi wa kwanza, asubuhi kituoni, makonda wa daladala walikuwa wakimsukuma chini pamoja na wanafunzi wenziwe, kama wafanyavyo wengi, maana nauli ya mwanafunzi ni ndogo. Mtu mmoja mwenye pikipiki, mtu mzima, akamwonea huruma, akampeleka shule bila malipo. Akampeleka tena. Akampa fedha ya chakula. Akampa simu, nayo ilikuwa imefichwa kwa rafiki. Sasa mtu huyo alikuwa akidai alipwe huruma yake, na binti aliogopa kumkataa, tena aliogopa kutuambia. Rafiki alimwambia kwamba kiko kitabu chenye habari za msichana aliyeanza hivyo hivyo, akamwazima ili ajue mwisho wake. Ndicho kitabu tulichokitia kabatini.

Ndugu zangu, mama alituambia baadaye kwamba alishika ungo kwa nguvu hata mchele ukamwagika, lakini hakupiga kelele. Baba aliporudi aliambiwa, naye alitoka nje akatembea mpaka Mtongani na kurudi, ili hasira iishie njiani. Siku ya pili simu ilirudishwa mbele ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa, na yule mtu akaonywa mbele ya mashahidi; hatukumwona tena kituoni. Tangu siku ile mmoja wetu alikwenda na binti kila asubuhi, akasimama naye mpaka konda akampokea. Mungu alitupa nafasi kabla ya msiba. Tukihesabu siku ambazo kitabu kilikaa kabatini, na siku ambazo mtu yule alisubiri kituoni, twaona ni siku zile zile.

Mwaka uliofuata tulijaribiwa kama kweli tumejifunza. Usiku wa kuamkia Jumamosi iliyotangulia Pasaka, tarehe 7 Aprili 2012, alifariki Steven Kanumba, mchezaji wa filamu aliyependwa sana, ambaye kwa filamu ya Dar 2 Lagos ya mwaka 2006 alikuwa amewaunganisha Watanzania na Wanigeria katika kazi moja. Alikuwa na miaka 28. Siku ya Jumanne maelfu ya watu walijaa Kinondoni kumzika. Binti yetu alilia siku mbili. Zamani tungemwambia, unamlilia mtu wa picha, na jana ilikuwa siku ya ufufuo? Safari hii tulimwuliza: ulimpenda kwa nini? Akatuambia kwamba katika picha zake watu hukaa katika nyumba kama hizi zetu, na hugombana kwa Kiswahili, na kwamba kabla yake alidhani hadithi ni mambo yanayowapata Wazungu na Wahindi tu. Hatukuwa na jibu la kumshinda. Tukavaa viatu, tukaenda naye Kinondoni.

Leo binti huyo ni mwanamke, ni muuguzi. Mwaka 2022 alitupeleka kwa fedha zake kuona filamu ya Vuta N'kuvute, iliyotengenezwa na Amil Shivji mwaka 2021 kutoka katika kitabu cha Adam Shafi cha mwaka 1999. Kitabu tulikuwa tumekwisha kisoma sote watatu. Ni habari za Unguja katika miaka ya 1950: Yasmin, msichana wa Kihindi aliyeozwa angali mdogo kwa mzee, amtoroka mumewe; jamaa zake wamfungia mlango; apokelewa na Mwajuma, mwanamke maskini wa Ng'ambo; kisha ampenda Denge, kijana anayepigania uhuru wa nchi yake. Picha ilikifupisha kitabu, kama ifanyavyo kila picha. Kitabuni tuliyajua mawazo ya Yasmin. Pichani ilitubidi kuyasoma usoni mwake. Lakini picha ilitupa vichochoro na giza lake, na sauti ya taarabu, na mwendo wa mtu anayefuatwa na askari, ambavyo kalamu hujaribu bila kufikia. Mama alilia wakati ambao watu wengine hawakulia. Twadhani alikuwa akiwaza mlango uliofungwa.

Tulirudi Mtoni usiku, tukabishana hata chai ikapoa. Baba alisema kwamba kitabu na picha vyote viwili haviheshimu ndoa inavyopasa, na Mkristo hana budi kusema hivyo. Binti alisema kwamba waliomwoza mtoto kwa mzee ndio waliotangulia kuivunjia ndoa heshima, na ya kwamba Mwajuma, ambaye watu walimdharau, ndiye aliyetenda kama yule Msamaria. Baba hakukubali yote. Binti hakukubali yote. Hatukupatana, na hata leo hatujapatana. Lakini tulilala tukimshukuru Mungu kwa ubishi ule, maana tunajua jinsi nyumba inavyokuwa pasipo ubishi.

Sasa twarudi kwenye maswali yenu. Hatusemi kwamba kila picha ni njema na kila kitabu ni chema. Yako mambo yanayochapwa na kuonyeshwa kwa ajili ya fedha tu, nayo huchafua. Na siku hizi mtoto huyapata katika simu, wala hana haja ya kibanda. Hata hivyo hatuwezi kuwaandikia orodha ya vitabu vya kuruhusu na picha za kukataza, kwa sababu orodha ya namna hiyo ndiyo iliyotaka kutupotezea mtoto. Someni habari za Filipo katika Matendo ya Mitume. Alimkuta yule mtu wa Kushi garini, anasoma chuo cha Isaya asichokielewa. Filipo hakumnyang'anya chuo, wala hakupita akisema si kazi yake. Aliuliza kwanza kama anaelewa. Kisha akapanda, akaketi karibu naye, nao wakaanza pale pale msomaji alipokuwa amefika. Twaona kwamba hiyo ndiyo kazi ya mzazi na ya mwalimu. Yule msimulizi wa kibandani aliifanya bila kutumwa na kanisa. Yule mwinjilisti aliyekaa mchangani na bibi aliifanya. Sisi tulichelewa.

Basi, mkimkuta mtoto na kitabu msichokijua, ombeni awaazime akikimaliza. Akitazama picha, sogezeni kiti. Kama hamna muda wa kusoma chote, mwulizeni amefika wapi, na kwa nini amekunja ukurasa ule. Nanyi mkiwa na kitabu au picha iliyowachoma moyo, tuandikieni, tusome pamoja.

Kabati letu lingalipo, na Rosa Mistika kimo ndani yake, karibu na Adili na Nduguze. Rafiki yake binti alipodaiwa alisema tukiweke. Ufunguo tuliupoteza miaka mingi iliyopita, wala hatukuutafuta.

Walimu wenu, Mtoni, Temeke.